Simu ilidunda lami ikapona, ikaja kuuawa na kajiwe

Mwezi wa tatu nilidondosha simu nikiwa kwenye boda, natoka Sanawari naelekea Sakina, hapa Arusha. Ilichomoka mfukoni, ikadunda lami mara mbili, ikateleza mpaka ukingoni mwa mtaro. Jamaa wa boda akasimama akaniangalia kwa huruma kabisa, "pole kaka, hapo hamna simu tena". Nikaiokota. Kava limechubuka kona moja, kioo hakina hata alama. Nikatamba nayo wiki tatu, kila nikikaa na washkaji lazima niisimulie.

Alafu Jumamosi moja niko nyumbani uani, mi na mke wangu tunachambua maharage, simu nimeipakata mapajani, nikainuka nimeisahau. Ikaanguka urefu wa goti tu, hata sauti haikutoa ya maana, ikatua kifudifudi kwenye zile kokoto nyeusi tulizomwaga ili watu wasikanyage tope. Nikaigeuza: utando wa buibui kona mpaka kona.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Stendi Ndogo, chalii mdogo tu ila ana ile darubini ya kuangalizia bodi za simu. Akaisogeza chini ya darubini akaniita, "braza njoo uone mwenyewe". Pale nyufa zote zilipokutania kulikuwa na kitobo kidogo kama ncha ya sindano, kimezungukwa na unga mweupe. Akasema lami haikukufanya kitu, ile ilikupiga tu, hapa umechomwa. Hilo neno kuchomwa nimetembea nalo kichwani siku nyingi, nikaanza kufukua mambo ya vioo vya simu, na kumbe dogo alikuwa amemaliza kila kitu kwa neno moja.

Anza na kioo cha kawaida. Kama ushawahi kumwangalia fundi madirisha akikata kioo utanielewa. Anakilaza mezani juu ya kipande cha blanketi, anachovya almasi yake kwenye mafuta ya taa, anavuta mstari mmoja, krrrii, mara moja tu harudii. Mstari wenyewe umeingia kidogo mno, kioo bado ni kizima kabisa. Alafu anakishika huku na huku anakikunja kidogo kwa vidole, tak, kimeachana kwenye mstari kama biskuti. Hajatumia nguvu yoyote. Ungechukua kioo hichohicho ukakilaza sawasawa sakafuni ukakirundikia magunia ya mahindi juu kingekuangalia tu.

Siri ni kwamba kioo kikibanwa hakina shida, shida ni kikivutwa. Ukikikunja, upande mmoja unabanwa na upande wa pili unavutwa, na ule unaovutwa ukiwa na mkwaruzo, nguvu yote inakimbilia kwenye ncha ya mkwaruzo. Sufuria ukilidondosha linabonyea, chuma pale kwenye ncha kinalegea kinajikunja na nguvu inaishia hapo. Kioo hakijui kubonyea. Ncha inapasuka, inakuwa ncha mpya mbele kidogo, nayo inapasuka, na hivo hivo, kwa spidi ambayo jicho halikamati.

Aliyeliweka hili vizuri ni injinia Mwingereza wa mambo ya ndege, A. A. Griffith, mwaka 1921. Hesabu za jinsi atomu zilivyoshikana zilionyesha kioo kinatakiwa kiwe na nguvu mara nyingi kuliko kile kinachoonekana kwenye majaribio, sasa hiyo nguvu inapotelea wapi? Akavuta nyuzi za kioo nyembamba zaidi na zaidi akakuta kadri uzi unavyokuwa mwembamba ndo unavyozidi kuwa na nguvu kwa unene wake, maana una nafasi ndogo ya kubeba nyufa. Kwa hiyo kioo hakina udhaifu ndani yake, kinaangushwa na vidonda vidogo usoni ambavyo huvioni, na vinapatikana kwa vitu vya kijinga tu, kufutwa na kitambaa chenye vumbi, kukaa mfuko mmoja na punje za mchanga.

Ukishaona hivo swali linabadilika. Huhitaji kioo kigumu zaidi, unahitaji kioo ambacho kidonda chake hakifunguki.

Na hapa ndo tunaingia jikoni, kwenye magadi. Haya haya ya Ziwa Natron, yale mama anayotupia kwenye makande yalainike, na Wachaga kwenye kiburu. Kikubwa kilichomo mle ni kaboneti ya sodiamu, na viwanda vya vioo vinaitumia kwa matani. Mchanga mtupu unataka joto la nyuzi 1,700 hivi ndo uyeyuke, hiyo ni balaa kwa tanuri lolote, ila ukiuwekea sodiamu unalainika mapema zaidi. Kioo kikipoa, silikoni na oksijeni za ule mchanga zinakuwa zimeshikana kama wavu wa seng'enge uliofumwa na mlevi, hauna mpangilio, na sodiamu imebaki imekaa kwenye matundu ya ule wavu. Wavu hauhami. Sodiamu sio mwenyeji kiivo, ukiipa joto la kutosha inaweza kunyanyuka ikaondoka tundu moja kwenda jingine. Kioo cha simu kinaongezewa na oksidi ya alumini kwenye mchanganyiko, ambayo pamoja na mengine inafanya sodiamu itembee kirahisi zaidi, ndo maana aina hii inaitwa aluminosiliketi.

Sasa kioo kikishakatwa saizi ya simu, matundu ya spika yameshatobolewa na kingo zimesuguliwa, kinatumbukizwa kwenye beseni la chumvi iliyoyeyuka. Sio chumvi ya mboga, ni potasiamu naitreti. Waliofanya kazi mashamba ya maua Usa River wanaijua, ni ile mbolea nyeupe inayochanganywa kwenye maji ya dripu. Inayeyuka kwenye nyuzi 334, na beseni lenyewe linakaa kwenye nyuzi 400 hivi. Kioo kinalala humo masaa kadhaa. Sodiamu ya usoni inatoka inaingia kwenye chumvi, na potasiamu kutoka kwenye chumvi inaingia kukaa kwenye tundu lililoachwa. Ila potasiamu ni kubwa, nusu kipenyo cha ioni yake (yani atomu yenye chaji ya umeme) ni kama nanomita 0.138 na cha sodiamu ni 0.102, yani imeizidi kwa zaidi ya theluthi na tundu ni lilelile.

Piga picha kifodi, yani daladala ndogo, kinatoka mjini kwenda Usa River siku ya soko la Tengeru. Siti ya nyuma wamekaa wanafunzi wanne. Wanashuka, konda anapandisha kina mama wanne wa kutoka sokoni, na konda wetu unamjua, kwake siti ni siti, wanne wametoka wanne wanaingia. Watakaa. Ila mabega yamebanana, mbavu zinasukumana mpaka ubavu wa gari, na hapo ukitaka kupenyeza hata daftari kati ya mama na mama haliingii. Hiyo siti ya nyuma ndo uso wa kioo chako. Na kinachowazuia wale kina mama wasitanuke ni bodi la gari, ambalo kwenye kioo ni ile sehemu ya katikati ambayo chumvi haikuifikia, bado ina sodiamu yake na saizi yake ya zamani, imeung'ang'ania uso usipanuke.

Joto nalo lina kiasi chake. Likiwa dogo ioni hazihami, likizidi wavu wenyewe unalegea na kila mtu anajisogezea nafasi yake, mbano wote unakwisha na kazi umefanya bure.

Mbano wenyewe sio wa mchezo. Vioo vizuri vinafika megapaskali 800 hivi pale usoni. Kwa lugha ya barabarani ni kama uzito wa tani 8 umekaa kwenye sentimita moja ya mraba, yani Fuso na mzigo wake limepaki kwenye ukucha wako wa dole gumba. Kwa hiyo simu ikidunda lami na kioo kikajipinda, kidonda chochote kilichopo usoni kabla hakijaanza kuvutwa inabidi kwanza hilo Fuso liondolewe. Mara nyingi haliondoki. Kioo kinajipinda, kinarudi, unaokota simu unatamba kwa washkaji wiki tatu.

Mtu atauliza mbona gari nazo zina vioo vya tempa na hazipitishwi kwenye chumvi. Kweli, vile vya ubavuni vinapashwa moto mpaka zaidi ya nyuzi 600 alafu vinapulizwa upepo wa ghafla. Uso unaganda kwanza, katikati bado kuna moto, kuja kupoa katikati kunasinyaa kunauvuta uso kunaubana. Wazo ni lilelile, uso ubanwe. Ila ili hii ifanye kazi lazima katikati kuwe na joto kuliko usoni kwa muda, na kioo cha simu hakifiki hata milimita moja, ukikipuliza kinapoa chote kwa mpigo, hakuna nje wala ndani. Chumvi haina shida hiyo maana yenyewe haitegemei unene.

Na ukitaka kuona namna vioo vya hivi vinavyokufa, panda basi la Dar uangalie ile nyundo nyekundu iliyoning'inizwa pembeni ya dirisha. Ndogo, nyepesi, ina ncha kali. Mbona hawakuweka nyundo ya kilo mbili? Kwasababu kioo cha tempa ukikipiga na kitu butu kinaweza kukurudishia mkono, lakini ncha kali inatoboa ile ngozi iliyobanwa inafika ndani, na ndani ndo kuna deni. Maana mbano wa usoni haukuja bure, kila unachokibana nje kinalipwa na katikati, katikati kote kunavutwa muda wote hata simu ikiwa imelala mezani hakuna anayeigusa. Ncha ya ufa ikifika huko hauhitaji nguvu yako tena, mvuto uliomo unamalizia kazi. Ndo maana dirisha la gari linamwagika lote kama chumvi ya mawe kwa kagongo kamoja ka mahali pabaya.

Kwenye simu ile ngozi ni nyembamba kuliko unavyofikiria. Kwenye vioo vya potasiamu peke yake ni kama mikromita 40 hivi, na unywele wa kichwa chako ni kama 70. Kila kitu ulicholipia kiko kwenye nusu ya unywele! Lami ya Sanawari ilitoa kishindo kikubwa ila ilikipiga kioo kikajipinda tu, labda ikaacha vidonda vya mikromita kumi kumi ambavyo vyote vimebaki ndani ya ngozi, vimefungwa. Kokoto ya uani kwangu haikuwa na kishindo, ilikuwa na kona. Uzito wote wa simu ukatua kwenye ncha moja ya jiwe, ikapita mikromita 40, ikaingia kwenye deni. Umechomwa.

Ndo maana siku hizi wanaongeza kina. Wanaanza na kioo chenye lithiamu, ambayo ioni yake ni ndogo zaidi, 0.076, alafu wanabadilishana mara mbili: sodiamu inaingia kuchukua nafasi ya lithiamu na inafika mbali, zaidi ya mikromita 100, na potasiamu inakaa juujuu kuweka lile Fuso. Kuna na njia nyingine ya kupanda fuwele ndogo sana ndani ya kioo chenyewe ili ufa ukikimbia ukutane na vikwazo, Apple walianza kuitumia kwenye iPhone 12 mwaka 2020.

Haya mambo yote lakini ni ya zamani, yani mi nilidhani yamekuja na simu. Mwaka 1962 Mmarekani Samuel Kistler alichapisha utafiti wa kubana kioo kwa kubadilisha ioni, na mwaka huohuo kampuni ya Corning ya jimbo la New York ikatangaza kioo chake cha namna hii, wakakiita Chemcor. Kilikuwa kizuri sana ila hakikupata wanunuzi wa kueleweka, kikaingia kwenye magari machache ya mashindano, mwanzoni mwa miaka ya 70 wakakiweka kabatini. Kikalala humo zaidi ya miaka thelathini mpaka mwaka 2007, Apple wanatoa iPhone ya kwanza, bosi wao Steve Jobs hataki plastiki maana inachubuliwa na funguo, akaenda kwa Wendell Weeks bosi wa Corning, na kioo kikaanza kumiminwa kwenye kiwanda cha Harrodsburg, Kentucky. Namna wanavyokimimina nayo inapendeza, kioo cha moto kinafurika kutoka kwenye mfereji kama maziwa yanavyochemka yakamwagika pande mbili za sufuria, vijito viwili vinateremka vinakutana chini vinakuwa shuka moja, kwa hiyo uso wa nje haujagusa kitu chochote zaidi ya hewa. Umezaliwa bila kidonda. Baada ya hapo ndo Gorilla Glass, jina la kioo hicho cha Corning, ikawa jina la kila mtu, na wengine wapo, AGC wa Japani wana Dragontrail, Schott wa Ujerumani wana Xensation.

Sasa niseme kitu kinachonikera. Ukienda kununua protekta unaambiwa "hii ni 9H braza, inakaribia almasi". Sio kweli hata kidogo. Kipimo cha ugumu wa mawe kinachojulikana ni cha Friedrich Mohs, cha mwaka 1812, almasi ni 10, kwatzi ni 7, na kioo kinacheza kwenye 5.5 hadi 6. Madalali wa tanzanite hapa mjini wanajua hii habari, jiwe lao lina 6 mpaka 7 na ndo maana hawakushauri ulivae kwenye pete ya kufulia nguo. Ile 9H ya kwenye boksi ni kipimo cha penseli. Penseli! Unachukua penseli ngumu kuliko zote za kipimo hicho, ambayo ni 9H, unakwaruza, ikishindwa kuacha alama umefaulu. Karibu kioo chochote kinafaulu, hata cha kabati la vyombo la bibi. Na ile 11D, 21D, sijui 100D, hata usinianzishe.

Kuwa kigumu na kuwa imara ni vitu viwili tofauti na wauzaji wanavichanganya kila siku. Chumvi inaleta uimara, haifanyi kioo kisichubuke kama almasi. Funguo nyingi hazifiki 5.5 kwa hiyo mfukoni sio adui mkubwa, adui ni punje ya mchanga wenye kwatzi iliyojificha kwenye mshono wa mfuko wa jinzi. Hata zile kokoto zetu za volkano zina madini ya feldspa yanayofika 6, yanalingana na kioo chenyewe. Na wale wa kusugua mikwaruzo kwa dawa ya meno, jamani, unachofanya ni kuuondoa ule utando wa juu unaokataa alama za vidole, kidonda chenyewe kiko palepale.

Protekta naiweka lakini, ya elfu tano tu, na sio kwa sababu ya 9H. Ni kwamba ncha ya jiwe inamkuta yeye kwanza. Akichomwa yeye amekufa yeye, nambandua namtupa.

Kingine nilichojifunza ni kwanini nyufa zinaongezeka zenyewe. Nilikaa na simu imepasuka siku kumi hivi nikisubiri mwisho wa mwezi, mvua za masika zinapiga kweli kweli, na kila asubuhi naona ufa mmoja umesogea kuelekea kamera. Nilihisi nachanganyikiwa. Kumbe unyevu unaingia kwenye ncha ya ufa, na pale silikoni na oksijeni zilipovutana maji yanazikata taratibu, kifungo kimoja baada ya kingine. Ufa ambao mahali pakavu ungetulia, kwenye unyevu unatambaa.

Mwisho wa mwezi nikarudi kwa dogo. Akaiweka simu kwenye kile kipasha moto chake mpaka gundi ikalegea, akapitisha waya mwembamba kati ya kioo na display anauvuta huku na huku kama anakata sabuni ya mche, kioo cha juu kikatoka. Akachukua kingine kwenye boksi, kimefungwa nailoni, hakina jina. Nikamuuliza hiki nacho kimelala kwenye potasiamu? Akanitazama. "Potasiamu gani braza?" Nikaanza kumweleza, kifodi, kina mama, Fuso kwenye ukucha, akasikiliza mpaka mwisho mikono inaendelea na kazi, alafu akasema mi naweka kinachokuja, vingine wateja hawarudi mwaka mzima, vingine wanarudi wiki ijayo, kwa macho huwezi kuvitofautisha. Nikalipa.

Jioni nikaenda uani nikachuchumaa kwenye zile kokoto nikawa nazigeuza moja moja nikitafuta yenye kona ya kufanya kile kitobo. Zote zina kona. Mke wangu akatokea mlangoni na ungo wake, akaniangalia weee, akaniuliza, "Baba Neema, ukilipata utalipeleka polisi?"